Lubumbashi: Shuka jeupe, mbabula na filamu moja lupangoni

Kipindi cha baridi ndicho kinachofaa zaidi kwa kutazama sinema nje hapa Lubumbashi. Mvua hakuna, na mwezi wa saba, kufikia saa kumi na mbili na nusu za jioni, giza limeshaingia. Watoto hawalazimiki kukesha ndipo filamu ianze.

Vifaa si vingi. Shuka jeupe lipigwe pasi, livutwe na kufungwa pembe zote nne, na nyuma yake kiwekwe kitambaa cheusi ili mwanga usipenye. Ukirudisha projekta nyuma, picha inakuwa kubwa lakini inafifia, kwa hiyo zimeni taa zote za lupango. Spika ikae chini ya shuka, si nyuma ya watazamaji: sauti itatoka pale midomo inapoonekana, na hamtalazimika kuipandisha hadi kusumbua wajirani. Waarifuni mapema. Kukiwa na kilio karibu, ahirisheni.

Kuhusu umeme, hesabu ni rahisi. Projekta ya wati 100 kwa saa mbili inakula wati-saa 200. Betri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba karibu 1 200, kwa hiyo hata nusu yake inatosha, mradi muwe na kifaa cha kugeuza umeme wa betri. Mbabula ikae mahali penye hewa, mbali na nyaya na watoto, na isiingizwe nyumbani baadaye kwa ajili ya joto: moshi wake usioonekana unaua.

Lakini kwetu, vifaa vyote vilikuwepo na usiku wa kwanza bado uliharibika. Tulichagua filamu ya mapigano kwa Kifaransa. Baada ya dakika ishirini nkambo alikuwa amesinzia, na mama zetu walikuwa wakiongea mambo ya soko.

Mara ya pili tulichagua « Makala », filamu ya Mfaransa Emmanuel Gras iliyopata tuzo kubwa ya Wiki ya Wahakiki huko Cannes mwaka 2017. Inaongea Kiswahili cha kwetu. Inamfuata kijana anayekata mti, anachoma makala, anapakia magunia kwenye kinga, kisha anaisukuma karibu kilomita 50 hadi Kolwezi. Nkambo hakusinzia. Alikuwa akimpa pole kijana kila alipofika kwenye mlima.

Katikati ya safari umeme ulikatika, na betri hatukuwa nayo. Tulibaki gizani, tumejifunika mabulangeti, bitumbula na chai mkononi, tukiwa tumeizunguka mbabula. Nkambo akauliza makala yanayotupasha joto yametoka kijiji gani, na nani aliyeyasukuma. Bei ya gunia tuliijua sote. Jina la anayetuuzia hakuna aliyelijua, ingawa anapita mlangoni kwetu kila juma. Mazungumzo yalidumu karibu saa nzima, na umeme uliporudi watoto ndio waliodai tumalizie.

Jumamosi iliyofuata tuliirudilia filamu hiyo, safari hii kwa betri ya kuazima. Mzee anayetuuzia makala alikaa kiti cha mbele, karibu na nkambo, akiwaeleza watoto kwa nini tanuru hufunikwa kwa udongo.