Saratani ya Tezi Dume na Sindano za Kuzuia Homoni

Saratani ya tezi dume hustawi kwa testosteroni, homoni ya kiume ambayo sehemu yake kubwa hutoka kwenye korodani. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba homoni hiyo ikipunguzwa, saratani hufifia. Huggins alitunukiwa Nobeli mwaka 1966.

Goserelini, mojawapo ya dawa zinazotumika kupunguza homoni hiyo, ni kipande kidogo kama punje ya mchele kinachopenyezwa kwa sindano chini ya ngozi ya tumbo. Huyeyuka polepole kwa siku 28, au wiki 12 kikiwa kikubwa zaidi, na kuzima amri ya ubongo kwa korodani. Siku za mwanzo homoni hupanda kabla ya kushuka, ndiyo sababu wengi huongezewa vidonge vya bikalutamidi kwa wiki chache.

Si kila mgonjwa ambaye saratani yake haijasambaa anayehitaji dawa hizi. Saratani tulivu huweza kufuatiliwa tu kwa kipimo cha damu cha PSA na uchunguzi mwingine. Iliyo kali zaidi hutibiwa kwa mionzi, na sindano huisaidia: miezi minne hadi sita kwa hatari ya wastani, mwaka mmoja na nusu hadi mitatu kwa hatari kubwa. Sindano peke yake haiponyi.

Kwa mkazi wa Kakuma, katika Kaunti ya Turkana nchini Kenya, kuyafuata matibabu haya si rahisi: kufika Lodwar tu ni kilomita kama 120. Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, yenye mionzi, iko zaidi ya kilomita 600 kutoka Lodwar. Goserelini nayo haitakiwi kukaa penye joto la zaidi ya nyuzi 25, na mchana wa Lodwar hupita 35 mara kwa mara. Dawa iliyosafirishwa kwa basi bila kisanduku cha baridi si ya kuaminiwa.

Madhara yapo: hamu ya tendo la ndoa hupungua, mifupa hudhoofika, uzito huongezeka. Mwili pia huwaka ghafla na kutoa jasho, jambo ambalo Turkana ni rahisi kulisingizia jua.

Upasuaji wa kuondoa korodani ni nafuu na hufanywa mara moja, lakini haurekebishiki. Kwa anayehitaji sindano kwa miezi sita tu, hasara hiyo ni kubwa mno. Kabla ya kukubali lolote, mgonjwa amuulize daktari: sindano ngapi, na mionzi itaanza lini?