Vidole vinakumbuka, deni linapotea

Kwenye daraja la Rusizi, muuza sambaza huhesabu faranga za Rwanda, za Kongo na dola huku akipiga soga, vidole havikosei. Jioni akifika Kamembe, hakumbuki ni mteja gani wa Bukavu aliyekopa. Si uzembe, wala si uzee.

Mwaka 1953 Mmarekani Henry Molaison alipasuliwa kutibu kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi, pande zote mbili za ubongo. Tangu hapo alisahau watu aliotoka kuzungumza nao. Lakini Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akitazama kioo, mkono wake ulizidi kuwa hodari kila siku, na kila siku yeye alidhani ndiyo mara ya kwanza! Ustadi wa mikono na kumbukumbu za matukio hutegemea sehemu tofauti. Deni liandikwe mteja akiwa bado mbele yako, hajavuka.