Kuunguliwa na Kibanda Si Kulaaniwa

Usiku wa kuamkia Jumapili, Januari 16, 2022, Soko la Karume lililopo Mchikichini, Ilala, liliteketea. Kabla kengele za ibada hazijagongwa, vibanda, viatu na marobota ya mitumba vilikuwa majivu, na mitaji ya watu imekwenda navyo. Miezi sita kabla ya hapo, Julai 10, 2021, moto ulikuwa umelikumba Soko Kuu la Kariakoo. Kisha Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo asubuhi watu wakiwa kwenye biashara zao, likaua zaidi ya watu 20. Maafa hayo matatu yalitokea katika eneo ambalo mtu hulizunguka kwa miguu, na yanamwachia Mkristo swali zito. Mtu anayetangaziwa kila Jumapili kwamba amebarikiwa, akiamka hana kibanda wala akiba na deni la kausha damu, ule mkopo wa riba kali, linamsubiri, baraka hiyo imekwenda wapi?

Jibu linalosikika sana siku hizi ni la wahubiri wa mafanikio. Kwao baraka huonekana: nyumba, gari, duka lililopanuka. Asiyeviona huambiwa apande mbegu ya sadaka, avunje laana za ukoo, aongeze imani. Tusiwabeze wanaokimbilia mafundisho hayo. Mbeba mizigo na mama lishe ambao hakuna benki inayowajali hupata mahali pa kuambiwa kuwa kesho yao inaweza kubadilika, na wapo wanaoacha pombe na kuanza kuweka akiba kwa sababu hiyo. Tatizo ni hesabu iliyo chini yake. Mali ikiwa ushahidi wa kupendwa na Mungu, basi hasara ni ushahidi wa kukataliwa, na aliyeunguliwa anabebeshwa mzigo wa pili: kujitafutia dhambi. Hofu ya kukataliwa pamoja na kiu ya muujiza vina gharama. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa Moshi katika Uwanja wa Majengo, walipokanyagana wakiyakimbilia mafuta yaliyosemwa kuwa ya upako.

Biblia yenyewe ina kisa kinachofanana mno na cha jengo la Kariakoo. Katika sura ya 13 ya Injili ya Luka, Yesu anautaja mnara wa Siloamu ulioanguka na kuua watu 18. Anauliza kama hao walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe kwamba sivyo, na wito wa toba anauelekeza kwa walio hai wanaomsikiliza. Wafu hawakushtakiwa. Rafiki zake Ayubu walifanya kinyume: walimkalia aliyefiwa na kufilisika wakimtaka aungame kosa ambalo hakulitenda, na mwishoni mwa kitabu hicho wanaokemewa na Mungu ni wao.

Atakayepinga atafungua Kumbukumbu la Torati sura ya 28, ambako utii umeahidiwa ghala zilizojaa na mifugo inayoongezeka. Maneno hayo yapo, wala hayafutiki. Lakini yalisemwa kwa taifa zima lililofunga agano, na mtu hawezi kuyageuza mizani ya kumpimia muuza viatu mmoja wa Mchikichini. Biblia hiyohiyo ina Zaburi ya 73, ambamo mcha Mungu analalamika kwamba waovu ndio wanaonenepa. Ina Yesu anayewaita heri maskini na wanaolia, na Paulo aliyeomba mara tatu aondolewe mwiba wake akajibiwa kuwa neema inamtosha. Ikiwa ukosefu ni alama ya laana, mitume nao tuwahesabu miongoni mwa waliolaaniwa.

Pingamizi la pili ni kali zaidi: je, kumwita maskini mbarikiwa si kumtuliza ili asidai haki yake? Kauli hiyo imewahi kutumiwa hivyo, na anayeitumia hivyo anakosea. Hakuna andiko linalouita moto baraka, na Waraka wa Yakobo unawalaani waziwazi matajiri waliozuia ujira wa wafanyakazi wa mashambani. Anayejua kwamba hasara yake si adhabu ya Mungu ndiye mwenye ujasiri wa kuuliza kwa nini vibanda hubanana hadi gari la zimamoto likose njia, na nani alikagua nguzo za jengo. Anayeamini ni laana ataishia kwenye maombezi, na mwenye kuwajibika atalala usingizi.

Baraka basi ni nini? Abrahamu aliahidiwa kubarikiwa ili wengine wabarikiwe kupitia kwake. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, Paulo anayasifu makanisa ya Makedonia, ambayo katikati ya dhiki na umaskini mkubwa yaliomba yenyewe nafasi ya kuchangia wenzao. Kwa kipimo hicho, mbarikiwa ni yule ambaye hasara haijamtenga na Mungu wake wala kumfunga mkono kwa jirani. Jengo lilipoanguka Kariakoo, watu wa kawaida waliingia kwenye kifusi kwa nyundo na mikono mitupu, bila kuuliza dini ya aliyefukiwa. Walikuwa na kidogo, na walikuwa baraka.

Kwa hiyo wachungaji, mapadri na wazee wa kanisa wa Ilala wabadili maswali yao. Muumini akifika Jumapili ameunguliwa, asiulizwe ametenda nini wala ametoa fungu la kumi mara ngapi. Aulizwe ana deni kiasi gani, watoto wanakula wapi, na kikundi cha kuweka na kukopa cha usharika au jumuiya kinaweza kumrudishia mtaji gani. Kanisa lisiloweza kuuliza hivyo lisimtangazie mtu yeyote kuwa amebarikiwa.