Je, Wajua? Safari ndefu ya jahazi la Kleopatra
Je, wajua kwamba katika vyuo vikuu kadhaa vya Uingereza, anayesoma fasihi ya Kiingereza pamoja na ustaarabu wa Wagiriki na Warumi halazimiki kujua Kigiriki wala Kilatini? Hutumia tafsiri. Na hilo si aibu hata kidogo: Shakespeare alimsoma Plutarch, Mgiriki, kupitia Kiingereza cha Thomas North cha mwaka 1579, ambacho nacho kilitokana na Kifaransa. Katika tamthilia yake kuhusu Kleopatra, malkia wa Misri, jahazi la malkia huyo lina tezi ya dhahabu, matanga ya zambarau na makasia ya fedha yanayofuata mlio wa filimbi. Yote yamo kwa North. Shakespeare akaongeza upepo ulioyapenda matanga hayo hadi ukaugua. Tamthilia yake nyingine iliyotokana na Plutarch, Juliasi Kaizari, nayo, kwa kalamu ya Nyerere, ikafika kwenye Kiswahili.