Televisheni Inaposikika Upande Mmoja: Namna ya Kubaini Hitilafu ya Sauti Nyumbani

Taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku inapoanza, familia nyingi nchini huwa zimeketi mbele ya televisheni iliyounganishwa na king'amuzi, na pembeni yake ipo sabufa inayokuza sauti. Tangu Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya analojia jijini Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2012, king'amuzi kimekuwa kifaa cha kawaida sebuleni. Baadaye vimeongezeka simu janja inayorusha picha kwenye televisheni, kisanduku cha kuonesha vipindi vya mtandaoni na flashi yenye filamu.

Kila kifaa kinachoongezwa huja na waya wake, pini yake na mipangilio yake. Matokeo yake, siku moja spika ya kulia hunyamaza, au spika zote mbili hutoa sauti ile ile bila kutofautisha kushoto na kulia, au muziki husikika vizuri huku maneno ya mtangazaji yakififia. Wapo wanaochukulia hali hizo kuwa dalili ya kifaa kuharibika na kuamua kununua kingine, ilhali kosa lingeweza kuondolewa kwa dakika chache bila gharama yoyote. Hasara nyingine ni kubwa zaidi: tangazo la tahadhari ya mvua kubwa au maelekezo ya afya yasiposikika sawasawa, ujumbe haujamfikia aliyekusudiwa.

Makala haya yanaeleza chanzo cha hitilafu hizo na hatua za kuzibaini.

Mono na stereo ni nini

Sauti ya mono hubebwa katika mkondo mmoja tu. Hata ikipelekwa kwenye spika kumi, zote hutoa kitu kile kile. Sauti ya stereo hubebwa katika mikondo miwili, wa kushoto na wa kulia, na tofauti ndogo kati ya mikondo hiyo humfanya msikilizaji ahisi mahali ilipo kila ala au kila mzungumzaji. Msingi wa teknolojia hiyo uliwekwa na mhandisi wa Uingereza, Alan Blumlein, aliyewasilisha maombi ya hataza yake mwezi Desemba, 1931.

Filamu nyingi za sasa hurekodiwa kwa mfumo wa 5.1 wenye mikondo sita: kushoto, kulia, katikati, miwili ya pembeni au nyuma, na mmoja wa mngurumo mzito. Katika mfumo huo, mazungumzo huwekwa zaidi kwenye mkondo wa katikati. Jambo hili linafaa kukumbukwa, kwa kuwa ndilo chanzo cha mazungumzo kufifia katika nyumba zenye spika mbili tu.

Tofautisha hali tatu

Neno "mono" hutumiwa kwa matatizo yasiyofanana, hivyo hatua ya kwanza ni kujua tatizo lililopo ni lipi. Mtumiaji atafute video ya majaribio ya sauti inayotamka neno moja upande wa kushoto na jingine upande wa kulia. Video za aina hiyo zinapatikana kwa wingi mtandaoni. Kwanza aisikilize kwenye simu kwa kutumia spika za masikioni zilizo nzima, ili athibitishe kuwa video yenyewe ni ya stereo. Kisha aicheze kupitia vifaa vya sebuleni na kusikiliza kwa makini.

Kama neno la kushoto linatoka kushoto na la kulia linatoka kulia, vifaa vyote ni vizima. Kipindi kilicholeta shaka ndicho kilichorekodiwa au kurushwa kwa mono.

Kama kila neno linasikika kwenye spika zote mbili, mikondo imechanganywa kuwa mmoja mahali fulani njiani. Mara nyingi hilo ni suala la mipangilio au aina ya pini iliyotumika.

Kama neno moja linasikika upande wake na jingine halisikiki kabisa, mkondo mmoja umekatika. Hapo mshukiwa wa kwanza ni waya, tundu au spika.

Anza na chanzo cha sauti

Si kila sauti ya mono ni hitilafu. Redio za masafa ya kati na masafa mafupi kwa kawaida hurusha mono. Redio nyingi za FM nazo hupunguza stereo au kuhamia mono zenyewe mawimbi yanapokuwa dhaifu, ili kupunguza mkwaruzo. Filamu na nyimbo nyingi za zamani zilirekodiwa kwa mono, na hakuna kifaa kinachoweza kurudisha mgawanyo ambao haukurekodiwa.

Kwa wanaotumia king'amuzi, kitufe kimoja cha rimoti kinastahili kuangaliwa kabla ya kitu kingine chochote. Ving'amuzi vingi vina kitufe cha sauti kinachomwezesha mtazamaji kuchagua lugha, na pia kuchagua mkondo wa kushoto pekee, wa kulia pekee au stereo. Chaguo la mkondo mmoja husaidia pale kituo kinaporusha lugha mbili, moja kila upande. Mtoto akikibonyeza bila kujua, sauti ya upande mmoja hupotea, na baadhi ya ving'amuzi huhifadhi chaguo hilo hata baada ya kuzimwa. Vivyo hivyo, baadhi ya diski za karaoke huweka ala upande mmoja na mwimbaji upande wa pili kwa makusudi.

Kwa faili lililo kwenye flashi au kompyuta, programu ya VLC huonesha idadi ya mikondo katika taarifa za faili. Programu hiyo pia ina menyu ya kuchagua stereo, mono, kushoto au kulia. Kama chaguo limebadilishwa hapo, faili lolote litasikika vibaya ingawa halina kasoro.

Kagua mipangilio

Simu janja na kompyuta nyingi zina swichi ya kuunganisha mikondo kuwa mono. Kwenye simu za Android na iPhone swichi hiyo hupatikana katika sehemu ya ufikivu, yaani mipangilio inayowasaidia watu wenye ulemavu. Kompyuta za Windows pia zinayo. Ikiwa imewashwa, kila kinachochezwa na kifaa hicho kitatoka kwa mono.

Spika zisizotumia waya zina masharti yake. Spika ndogo yenye kipaza sauti kimoja ndani ni mono kwa umbile lake. Mbili zikiunganishwa, baadhi huwa na namna mbili za kufanya kazi: zote kutoa sauti moja, au moja kuwa kushoto na nyingine kulia. Aidha, kifaa cha masikioni cha Bluetooth chenye maikrofoni kinaweza kuhamia kwenye hali ya simu wakati wa mkutano wa mtandaoni, na hapo sauti hushuka ubora na kuwa mono. Kufunga programu ya mkutano, au kukata muunganisho na kuunganisha upya, mara nyingi hurejesha stereo.

Kwa wenye kisanduku cha mtandaoni au kompyuta inayohifadhi filamu za nyumbani kwa programu kama Kodi, Plex au Jellyfin, sehemu ya kukagua ni ile ya sauti na idadi ya spika. Nyumba yenye spika mbili iwekewe mikondo miwili, inayoandikwa 2.0 au stereo. Kisanduku kikiaminishwa kuwa kimeunganishwa na spika sita, kinaweza kupeleka mazungumzo kwenye spika ya katikati ambayo haipo. Mtazamaji husikia milipuko na muziki, lakini maneno huwa kama yanatoka chumba cha jirani. Kwenye televisheni, kuchagua "PCM" katika menyu ya sauti ya kutoka ni njia salama ya kuanzia kwa mfumo wa spika mbili.

Waya na pini

Kebo ya HDMI hubeba mikondo yote pamoja kidijitali, hivyo ni nadra sana kupoteza upande mmoja peke yake. Tatizo la upande mmoja kwa kawaida hutokea pale sauti inapotoka kwenye televisheni au king'amuzi kwenda kwenye sabufa kwa waya za kawaida. Pini nyekundu hubeba mkondo wa kulia, nyeupe au nyeusi hubeba wa kushoto, na ya njano hubeba picha.

Pini ndogo ya milimita 3.5 husomeka kwa kuhesabu mistari yake. Yenye mstari mmoja ni ya mono. Yenye miwili ni ya stereo. Yenye mitatu hubeba pia maikrofoni au picha. Mpangilio wa pini yenye mistari mitatu haufanani kwa watengenezaji wote. Waya wa king'amuzi cha aina moja ukichomekwa kwenye kifaa cha aina nyingine, spika moja inaweza kutoa mlio wa kukoroma kwa sababu inapokea mawimbi ya picha badala ya sauti.

Kama upande mmoja ni kimya, njia ya uhakika ya kubaini kosa ni kubadilishana pande. Tuchukue mfano wa spika ya kulia iliyonyamaza. Vifaa vizimwe, kisha pini nyekundu na nyeupe zibadilishwe nafasi nyuma ya sabufa, na vifaa viwashwe tena. Ukimya ukihamia spika ya kushoto, kosa liko kabla ya sabufa, yaani kwenye waya au kwenye chanzo. Ukimya ukibaki kulia, kosa liko kwenye sabufa, spika au waya wa spika.

Kosa likiwa kabla ya sabufa, pini zirudishwe mahali pake, kisha zibadilishwe upande wa televisheni. Ukimya ukihamia kushoto, tundu la kulia la televisheni halitoi sauti. Ukibaki kulia, waya wenyewe umekatika ndani, na kununua waya mpya kunatosha.

Kosa likiwa baada ya sabufa, umeme ukatwe na waya za spika zibadilishane nafasi. Spika ya kulia ikilia na ya kushoto ikanyamaza, sabufa ina kasoro upande wake wa kulia. Spika ya kulia ikiendelea kunyamaza, kosa ni la spika hiyo au waya wake.

Mtangazaji anapopotea

Hali inayowachanganya wengi ni ile ya sauti ya mtangazaji kutoweka huku muziki wa nyuma ukibaki na mwangwi. Mara nyingi pini haijaingia hadi mwisho, au waya wa pamoja unaorejesha mkondo umekatika. Spika hubaki zikicheza tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Kwa kuwa sauti ya mtangazaji huwekwa sawa pande zote mbili, tofauti yake ni sifuri, naye hutoweka. Tiba ya kwanza ni kusukuma pini mpaka ikae sawasawa.

Dalili inayokaribiana na hiyo ni mngurumo kukosa uzito na sauti kuonekana haina mahali inapotoka. Hapo huenda waya za spika moja zimegeuzwa. Alama ya kujumlisha ya sabufa iunganishwe na ya kujumlisha ya spika, na ya kutoa na ya kutoa, kwa spika zote mbili.

Pale mono inapofaa

Kabla ya kuzima swichi ya mono kwenye simu au kompyuta ya familia, ni vyema kuuliza aliyeiwasha. Mtu anayesikia kwa sikio moja hupoteza nusu ya taarifa anapotumia spika za masikioni za stereo, kwa kuwa maneno yaliyopelekwa upande wa pili hayamfikii. Kwake, mono ndiyo inayompa ujumbe wote. Mzee anayevaa spika ya sikio moja kusikiliza redio kwenye simu anahitaji huduma hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa chumba kirefu ambacho spika moja iko sebuleni na nyingine barazani: mono huhakikisha walioko pande zote wanasikia jambo moja.

Usalama na haki za mtumiaji

Ukaguzi ulioelezwa hapa haumtaki mwananchi kufungua kifaa. Baadhi ya sehemu za ndani za televisheni na sabufa huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa, hivyo kazi hiyo aachiwe fundi mwenye ujuzi. Anayempelekea fundi kifaa na kumweleza kuwa ukimya ulibaki kulia baada ya pini kubadilishwa humpunguzia kazi, na hujilinda dhidi ya kulipia matengenezo yasiyohitajika.

Kifaa kikiwa bado ndani ya muda wa dhamana, kisifunguliwe. Kirudishwe kwa muuzaji pamoja na risiti. Ikiwa hasara imetokana na bidhaa bandia, Tume ya Ushindani ndiyo yenye jukumu la kushughulikia bidhaa za aina hiyo. Ikiwa majaribio yameonesha kuwa vifaa vya nyumbani ni vizima na kituo kimoja pekee ndicho kinachosikika vibaya siku zote, malalamiko yapelekwe kwanza kwa mtoa huduma husika. Asiporidhika na majibu, mwananchi anaweza kuwasilisha suala lake Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), akieleza jina la kituo, tarehe, saa na hatua alizokwisha kuchukua.