Ghala la Michezo ya Kompyuta

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita Kibiti na Ikwiriri, kisha huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003, nalo lina urefu wa meta 970. Akiisha kuvuka, akashika njia ya kusini, hufika Nyamwage, mahali ambapo barabara ya Utete huachana na barabara kuu. Huko, kama katika vijiji vingi vya pwani, wazee hupenda kukaa barazani jioni wakicheza bao. Vijana nao wana mchezo wao: hukusanyika mbele ya kompyuta wakashindana mpira wa miguu katika kioo. Michezo hii miwili yaonekana kuwa mbali kabisa. Lakini mtu akitaka kujua jinsi mchezo wa kompyuta unavyowekwa akiba, mwalimu wake bora ni lile bao la wazee.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu 4 zenye mashimo 8 kila moja, na kete 64. Sasa tuseme twacheza mchezo ulio mwepesi kuliko bao: kila shimo laweza kuwa tupu, au kuwa na kete moja, basi. Shimo tupu twaliita sifuri, na shimo lenye kete twaliita moja. Safu moja ya mashimo 8 yaweza kupangwa kwa namna 256 mbalimbali. Tukipatana kwamba kila mpango ni herufi fulani, twaweza kuandikiana barua kwa kete tu. Hivyo ndivyo kompyuta iandikavyo kila kitu: maneno, sauti, picha, na michezo pia. Shimo moja huitwa biti, na safu ya mashimo 8 huitwa baiti. Baiti milioni moja ni megabaiti. Megabaiti 1000 ni gigabaiti. Na gigabaiti 1000 ni terabaiti moja.

Zamani mchezo mzima ulitoshea katika sahani ya CD, ambayo huchukua megabaiti 700 hivi, au katika sahani ya DVD, ambayo huchukua gigabaiti 4.7. Siku hizi mchezo mkubwa mmoja waweza kutaka gigabaiti 50, hata 100 na zaidi. Gigabaiti 50 ni safu za bao milioni elfu hamsini! Ni fundi gani awezaye kuchonga mbao za kutosha? Tena michezo mingi sasa hununuliwa na kupakuliwa kwa njia ya intaneti. Aliye mjini, mwenye intaneti ya waya, akifuta mchezo aweza kuupakua tena bila taabu. Lakini anunuaye bando dogo dogo la simu hulipa mara ya pili kwa kila gigabaiti aliyoipoteza. Kwa hiyo mwenye michezo mingi hana budi kuwa na ghala jema.

Ghala hilo ni la aina mbili.

Aina ya kwanza ni diski ngumu. Diski ya kwanza ya namna hii ilitokea mwaka 1956, nayo ilikuwa sehemu ya mashine ya kampuni ya IBM ya Marekani iliyoitwa RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, na mashine ilikuwa nzito kupita tani moja, lakini haikuweza kutunza zaidi ya herufi milioni 5 hivi. Leo diski ngumu ya terabaiti moja hukaa katika kiganja cha mkono. Ndani yake mna sahani nyororo, zilizopakwa kitu kishikacho sumaku. Sahani hizo huzunguka mara 5400 au mara 7200 kwa dakika, na juu yake hupita mkono mdogo wenye ncha ya kusoma na kuandika. Ncha haigusi sahani, bali huelea juu yake. Na nafasi iliyo kati yao ni ndogo mno, hata unywele mmoja ukipasuliwa vipande elfu, kila kipande kingali kinene kuliko nafasi ile. Kompyuta ikitaka sehemu ya mchezo, mkono hauna budi kwenda mahali pake, kisha kungoja sahani izunguke mpaka sehemu ile ifike chini ya ncha. Kungoja huko ni kwa sehemu ndogo ya sekunde, lakini mchezo una maelfu ya sehemu, na haba na haba hujaza kibaba.

Aina ya pili huandikwa madukani kwa herufi SSD. Watu huiita diski pia, ingawa ndani yake hamna sahani wala mkono, wala kitu chochote kiendacho. Mna vipande vyembamba vyenye vijumba vidogo sana, na kila kijumba hunasa umeme kidogo, kama shimo la bao lishikavyo kete. Elimu hii ya kutunza habari, iitwayo flashi, ilibuniwa katika miaka ya 1980 na Fujio Masuoka, mhandisi wa kampuni ya Toshiba ya Japani. Kwa kuwa hakuna cha kuzunguka, hakuna cha kungoja. Zile flashi ndogo zichomekwazo pembeni mwa kompyuta ni za ukoo huo huo, lakini zilizo za bei ndogo huwa nzito sana katika kuandika.

Sasa tufanye hesabu. Mtu anataka kunakili mchezo wa gigabaiti 50, yaani megabaiti 50,000. Flashi dhaifu iandikayo megabaiti 20 kwa sekunde itachukua sekunde 2500, ndizo dakika 41 na sekunde 40. Diski ngumu iandikayo megabaiti 100 kwa sekunde itachukua dakika 8 na sekunde 20. SSD ya namna ya SATA iandikayo megabaiti 500 kwa sekunde itachukua dakika 1 na sekunde 40. Tena iko SSD ya namna ya NVMe, ambayo huweza kupita megabaiti 3000 kwa sekunde. Lakini kompyuta nyingi za zamani hazina tundu lake, na katika kufungua michezo mingi haizidi sana ile ya SATA. Hatua kubwa ni kutoka katika diski ngumu kwenda katika SSD yoyote.

Lakini asidhani mtu kwamba SSD itaifanya picha ya mchezo kuwa nzuri zaidi. Kazi ya kuchora picha ni ya sehemu nyingine za kompyuta. SSD hupunguza kungoja wakati mchezo unapofunguka, na kukwama njiani wakati mchezo mkubwa unapoleta nchi mpya mbele ya mchezaji. Tena utazame mlango. Tundu la USB la zamani, lenye namba 2.0, halipitishi zaidi ya megabaiti 60 kwa sekunde. Ukiichomeka SSD hapo, umempitisha tembo katika mlango wa banda la kuku.

Basi, tuseme yuko kijana mmoja wa Nyamwage. Ameuza ufuta wake, akanunua kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika, yenye diski ngumu ya gigabaiti 500. Ana michezo 20, na jumla yake ni gigabaiti 400. Kompyuta ni nzito; mchezo hufunguka polepole hata wenzake humcheka. Fedha iliyobaki ni kidogo, naye hajui anunue nini: diski ngumu kubwa, au SSD ndogo? Akikosea, hatapata fedha nyingine mpaka mavuno yajayo.

Akaenda kwa bibi yake, akamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umekunja uso?"

Kijana akamweleza shida yake. Bibi hakujua diski ni kitu gani, lakini alicheka, akasema, "Mjukuu wangu, mimi nami nina mali, wala haikai mahali pamoja. Mpunga wa kutwanga leo umo katika kapu, karibu na kinu. Mpunga wa mwaka umo ghalani. Na mbegu nimeitia katika kibuyu, nikaitundika darini juu ya moshi. Na nyingine nimempa dada yangu wa ng'ambo ya mto. Mpunga wa leo ukiisha, nitakwenda ghalani. Ghala likiungua, nitakwenda kwa dada yangu. Asiye na mbegu atapanda nini mwakani?"

Kijana akaenda zake akifikiri, akaona ya kuwa bibi amemaliza maneno yote.

Kapu la leo ni SSD. Katika michezo ile 20, yeye huicheza 3 tu kwa sasa, na jumla yake ni gigabaiti 120. Basi SSD ya SATA ya gigabaiti 240 itamtosha. Itachukua michezo hiyo na programu za kompyuta, na nafasi itabaki. Tena umbo lake ni sawa na la diski ngumu ya kompyuta mpakato, kwa hiyo fundi huitoa ile na kuitia hii mahali pake. Ni kweli kwamba vijumba vya SSD huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Lakini mchezo huandikwa mara moja na kusomwa mara nyingi, na kusoma hakuchakazi kama kuandika.

Ghala la mwaka ni diski ngumu, maana kwa fedha zile zile hutoa nafasi kubwa kuliko SSD. Na kijana huyu anayo tayari: ile iliyotolewa hutiwa katika kasha dogo lenye waya wa USB, ikatunza michezo yote 20. Akitaka kucheza mwingine, huunakili katika SSD, akafuta ule aliouchoka. Lakini ghala hili lataka heshima. Akiichukua diski ngumu juu ya pikipiki, sharti iwe imezimwa na kufungwa katika nguo, kwa maana ikianguka huku yazunguka, ncha yaweza kuikwaruza sahani, na habari zikapotea. Umeme ukikatika katikati ya kunakili, asiamini kazi ile, bali aanze tena. Wala asiifiche SSD kabatini miaka mingi bila kuitia umeme akadhani ni sanduku la hazina, maana umeme ulionaswa vijumbani hupungua polepole, hasa mahali pa joto.

Na mbegu ni nini? Hapa wengi hukosea. Mbegu si mchezo wenyewe, maana mchezo ulionunuliwa kwa haki waweza kupakuliwa tena, ingawa kwa gharama. Mbegu ni yale mafaili madogo yatunzayo hatua ambazo mchezaji amefika: vikombe alivyoshinda, miji aliyoijenga, na kazi ya miezi mingi. Pamoja nayo ni picha za jamaa na maandishi ya masomo yaliyomo katika kompyuta ile ile. Haya hayapatikani tena kwa fedha, na mara nyingi hayafiki hata gigabaiti chache. Yatoshea katika flashi ndogo. Basi nakala moja ikae nyumbani, na nyingine ikae kwa ndugu mbali. Watu wa bonde la Rufiji hawana haja ya kufundishwa neno hili. Hujenga dungu juu ya nguzo katika mashamba yao, kwa maana wanaujua mto wao. Na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia mashambani na majumbani katika Rufiji na Kibiti. Vitu viwili vilivyo katika nyumba moja huzama pamoja.

Liko jambo moja la kuonya. Zinauzwa flashi na diski za uongo, zilizoandikwa terabaiti 2 kwa bei ya kutupa. Ukizichomeka, kompyuta husema kweli ni terabaiti 2, kwa kuwa zimetengenezwa ili zidanganye. Lakini zina nafasi ndogo tu, na kila kilichozidi hupotea kimya kimya. Dawa yake ni kuijaza flashi mpya mpaka mwisho kabla ya kuiamini, kisha kufungua mafaili yote moja moja uone kama yangali mazima. Fanya hivyo siku ile ile, ungali una risiti mkononi. Rahisi ghali.

Mtu akikuuliza ni ghala lipi lililo bora, usimjibu upesi. Muulize kwanza kwamba anataka kuweka nini: chakula cha leo, akiba ya mwaka, au mbegu. Kila diski itakufa siku moja, ya bei kubwa na ya bei ndogo pia. Mwenye akili huchagua kila moja kwa kazi yake, wala haitegemei moja peke yake.

MASWALI

1. Safu moja ya bao inafananaje na baiti moja?
2. Kwa nini diski ngumu hukawia kuliko SSD?
3. Mchezo wa gigabaiti 30 utachukua muda gani kunakiliwa kwa megabaiti 100 kwa sekunde?
4. Kijana alifanya nini na diski yake ya zamani, na kwa nini?
5. Taja vitu vitatu nyumbani kwenu vilivyo kama mbegu. Nakala zake, au namna nyingine ya kuvilinda, iko wapi?