Utangulizi: Bunduki za Mitumba Katika Nchi ya Unyamwezi

Elimu unayoingia haina jina moja linalokubaliwa na wote. Wanaoifuata ni wanahistoria, wahunzi, wawindaji wastaafu, na wachache wetu tusiochoka kupekua mafaili ya Kijerumani. Swali lake la kwanza ni la sokoni kabisa: mtu wa Tabora ya miaka ya 1860 au 1870, aliyetaka kwenda porini kumfuata tembo, alichagua bunduki gani, na ndani yake alishindilia nini?

Nasema alichagua, na neno hilo nalishikilia. Vitabu vingi vya zamani vimemchora Mnyamwezi kama mtu aliyetupiwa takataka za Ulaya akazipokea kwa mikono miwili. Takataka zilikuwepo. Uingereza ilianza kutumia Snider mwaka 1866, kisha Martini-Henry mwaka 1871; Ufaransa ikashika Chassepot mwaka 1866 na Gras mwaka 1874. Kila jeshi lilipobadilisha silaha, zile kuukuu ziliuzwa kwa jumla, na nyingi zikaishia pwani za Afrika. Karakana za Birmingham na Liège nazo ziliongeza bunduki za bei nafuu zilizotengenezwa kwa ajili ya soko hilohilo. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko Unguja, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kila mwaka. Hiyo ilikuwa mitumba hasa. Lakini aliyewahi kuchagua mitumba anajua kwamba mnunuzi wake hukagua mishono kuliko mnunuzi wa dukani.

Mwindaji wa karavani hakuanza na bunduki. Alianza na risasi na baruti yake. Richard Burton na John Speke walitoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kazeh, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba: zaidi ya miezi minne. Kila pipa la baruti lililofika hapa lilikuja kichwani au begani mwa mpagazi, likipita mvua, mito na hongo za watemi. Baruti ikishika unyevu, ni masizi tu. Na hata ile iliyofika salama mara nyingi ilikuwa dhaifu, hivyo mwindaji alizidisha kipimo, na mtutu mbovu ulilipwa kwa vidole vya mwenyewe. Ndiyo maana unene wa chuma pale nyuma ya mtutu, panapolipukia baruti, ulikaguliwa kabla ya nakshi za kitako.

Kisha yalikuja mambo ya kipenyo. Bunduki ya kale ya jeshi la Uingereza, ile yenye muhuri wa Tower, ilikuwa na mtutu wa takriban milimita 19 na risasi ya milimita 17.5. Ya Kifaransa ilikuwa na mtutu wa milimita 17.5 hivi. Fanya hesabu mwenyewe: risasi ya Mwingereza haishuki katika mtutu wa Mfaransa, au inashuka nusu na kukwama, na hapo mdeki hausaidii. Risasi ya Mfaransa katika mtutu wa Mwingereza inashuka, lakini inacheza, na kwa mnyama aliye mbali haina maana. Kwa gobore, hata hivyo, kosa hilo lilirekebishika. Risasi iliviringishiwa kitambaa. Risasi ya madini laini ikikosekana, mhunzi alifua kipande cha chuma, na Unyamwezi haikukosa wahunzi.

Ubora wa gobore ulikuwa hapo, nasi wasomi tumechelewa kuukubali. Bunduki ya viasi, yaani ya risasi na baruti zilizofungwa pamoja katika ganda, ilipiga mbali zaidi na kwa haraka zaidi, lakini ilimfunga mwenyewe kwa kiwanda cha ng'ambo. Chukua Snider na Martini-Henry, zote za Kiingereza, zote kuukuu mikononi mwa wachuuzi: kiasi cha moja hakiingii kwa nyingine. Mtu aliyepata Martini nzuri pamoja na viasi vya Snider alikuwa amenunua rungu ghali.

Watemi wakubwa walizitamani silaha mpya hata hivyo. Mirambo wa Urambo, aliyefariki Desemba 1884, alitafuta njia zake mwenyewe za biashara, pamoja na kumtumia Mswisi Philippe Broyon, ili asitegemee Waarabu wa Tabora aliopigana nao kuanzia 1871. Je, bunduki ndizo zilizomjenga Mirambo? Wengine hujibu ndiyo. Mimi naona mbio za wapiganaji wake, rugaruga, mashambulizi ya alfajiri na uwezo wake wa kufunga njia vilifanya kazi kubwa kuliko chuma chochote. Isike wa Unyanyembe naye alikuwa na ghala la baruti. Januari 1893, kikosi cha Kijerumani cha Tom von Prince kilipoingia bomani mwake, alililipua ghala hilo akiwa ndani.

Utakutana pia na Mkataba wa Brussels wa 1890, uliozuia bunduki zenye michirizi ndani ya mtutu na viasi vyake katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, Ulaya iliandika kisheria nani abaki na gobore.

Ukitaka kusoma mwenyewe, anza na Maisha ya Tippu Tip, kisha Burton na Stanley, ukiwasoma kwa jicho kali. Norman Bennett alimwandikia Mirambo kitabu mwaka 1971. Giacomo Macola, katika kitabu chake cha 2016, anaonyesha kwamba bunduki Afrika ya Kati ilikuwa pia mali, heshima na zana ya kulinda shamba. Toka pia nje: kutoka Cheyo, mjini Tabora, hadi Kwihara, kwenye tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, ni kilomita chache tu.

Kwa mwindaji halali wa leo kanuni ya karavani haijabadilika. Kiasi cha .375, kilichotolewa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, kinadumu kwa sababu risasi zake bado zinapatikana. Anayenunua bunduki iliyotumika atazame ndani ya mtutu kama kuna vishimo vya kutu, asome kipenyo kilichogongwa kwenye chuma na kukilinganisha na maandishi ya kwenye ganda la risasi, na ahakikishe namba ya bunduki inalingana na leseni. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimsamehe mwenye kisingizio cha urithi.

Nawe ambaye gobore la babu bado limelala darini, nakuomba mambo mawili. Lifikishe polisi likasajiliwe au kusalimishwa. Na kabla ya hapo usilisugue kwa msasa: piga picha mihuri, namba na viraka vya mhunzi, umwandike aliyelileta na alikolitoa, kisha upeleke nakala kwenye nyaraka za mkoa.